Jiwe la Bi Raya

Mvunja nyumba ya pweza hula mara moja. Ndivyo mwenye shamba alivyomwambia Faki asubuhi ya leo, alipomkuta amevunja tawi zima la mkarafuu na kuliteremsha ili achume akiwa amekaa kitako. Naye Faki, kwa akili zake, amerudi hapa anacheka na kuwachekesha wenzake. Pweza na karafuu, anasema, wapi na wapi? Basi chekeni, wajukuu zangu, lakini mikono isisimame, maana karafuu hizi lazima zitengwe na makonyo, vile vikonyo vyake, kabla ya jua kupungua, na masikio hayachambui karafuu. Nitawaambia maneno haya yalizaliwa wapi. Hayakuzaliwa shambani.

Katika kijiji cha Kigomeni, upande wa kisiwa unaotazama bahari kuu, wanaume walikuwa na vyombo vyao vya baharini na wanawake walikuwa na mwamba. Siku za bamvua maji hutoka yakaenda mbali, hata asiyeijua bahari akadhani hayatarudi. Mwamba hubaki wazi kuanzia ufukweni hadi kule mawimbi yanakokatikia, na wanawake hushuka na vijiti na mapakacha kwenda kuchokoa pweza. Mgeni akitazama huona mawe na vidimbwi. Watu wa Kigomeni waliona mitaa. Kila jiwe lenye tundu la pweza liliitwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mwenyewe, yaani mwanamke fulani anayejulikana, na hakuna mwingine aliyetia kijiti chake pale bila ruhusa.

Mtauliza, nyumba ya pweza ni mali gani, na pweza ukishamla amekwisha? Tundu zuri halikai tupu. Ukimtoa huyu leo, baada ya siku chache hupita mwingine anayetafuta makazi. Huchungulia, akaona pana kivuli na mlango mwembamba, akahamia na virago vyake. Kwa hiyo mwanamke mwenye nyumba nzuri alikuwa na kitoweo kila bamvua mpaka mwisho wa maisha yake, na alipokufa nyumba hazikufa naye. Asubuhi ya harusi ya binti yake, kabla bibi harusi hajaguswa na hina, mama alimshika mkono wakashuka wawili tu mwambani, akamwonyesha. Ndiyo maana harusi za Kigomeni zilipangwa siku za bamvua, hata kama bwana harusi ana haraka. Mume hakuambiwa. Mume anaweza kuacha, na mwanamke aliyeachwa bado anahitaji kitoweo.

Sasa, Bi Raya alikuwa na nyumba moja tu, lakini nyumba yenyewe ilikuwa jiwe kubwa kuliko jiko langu lile pale, lenye milango pande zote. Wenye nyumba nyingi ndogo walilionea gere. Lilikuwa tumbawe hai kuanzia shina mpaka kichwa. Msidhani matumbawe ni mawe kama mawe haya tunayojengea. Ni viumbe vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimejenga chumba chake juu ya chumba cha aliyemtangulia, na ndivyo jiwe linavyokua, polepole kuliko ukucha wa mtu mzee. Humo waliishi pweza, na kaa, na kamba wenye masharubu marefu, na samaki wadogo wa rangi wasio na jina wala faida ya sufuriani, na changu waliokuja kujificha wakubwa wakiwafukuza. Bi Raya alikuwa akisema yeye hana nyumba, ana mji.

Alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Tatizo ni kwamba Mungu alimpa mtoto mmoja, naye wa kiume, Shaame. Shaame akaoa mbali na bahari. Alimwoa Mize, binti wa wakulima wa Mlimani, msichana mwenye mikono ya kupalilia na miguu inayoogopa maji. Siku ya kwanza aliposhushwa mwambani alitembea kama anakanyaga mayai, na wanawake wa Kigomeni walicheka mpaka wakaweka chini mapakacha yao. Walimwita mtoto wa muhogo. Aliyecheka zaidi alikuwa Mwanakombo, ambaye nyumba zake zilipakana na jiwe la Bi Raya, na ambaye alikuwa na matumaini yake kuhusu jiwe hilo, kwa vile Bi Raya hakuwa na binti.

Bi Raya alikuwa na ulimi mkali kuliko mwiba wa samaki tasi. Aliwasikia wakicheka, akawaambia wote, "Chekeni. Huyu ndiye binti yangu. Nyumba yangu ni yake." Wapo walionung'unika kwamba nyumba hufuata damu, haifuati ndoa. Bi Raya aliwajibu kwamba pweza hajapata kumuuliza mtu ukoo.

Akamfundisha. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, kwa hiyo alifundisha kwa mikono. Aliushika mkono wa Mize akauweka juu ya tumbawe hai, auhisi ule ukali wenye utelezi, kisha akauweka juu ya lililokufa, lililo kavu na kimya. Alimwonyesha maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni, dalili kwamba mwenyewe yumo na amekula. Akamfundisha kutia kijiti taratibu. "Pweza ana wivu na nyumba yake," alimwambia. "Atakikumbatia kijiti akidhani ni mtu amekuja kumpora. Akishakikumbatia usimvute. Bishana naye. Wewe kidogo, yeye kidogo, mwisho atajikuta yuko nje na hajui nani alimtoa. Ukimaliza, mawe aliyojipangia mlangoni yarudishe yalivyokuwa. Mpangaji mwingine yuko njiani."

Na jambo moja alilisema zaidi ya mara moja. "Kuna pweza asiyekumbatia. Ukimchokoza hukisukuma kijiti kwa mkono mmoja, basi, akabaki palepale. Huyo mwache. Huyo ni mzazi. Ametundika mayai yake darini na anayapepea maji. Hali, hatoki, na siku yanapoanguliwa ndiyo siku anayokufa. Toka, rudisha mawe, nenda zako. Hata kama nyumbani tunalala na chumvi."

Mize akajifunza. Ilimchukua muda, na mara nyingi alirudi na magoti yenye damu na pakacha jepesi, lakini akajifunza. Alipomzaa binti yake wa kwanza, Chumu, hakuna aliyemwita tena mtoto wa muhogo mbele yake. Nyuma ya mgongo, hiyo ni habari nyingine.

Huko Mlimani, baba yake Mize alikuwa hajaridhika. Mzee Hamadi alikuwa mtu wa shamba kwelikweli, na tangu siku ya posa alikuwa akisema watu wa pwani hawana mali, wanakula kilicholetwa na maji, na maji yakigoma wanakunja mikono. Hakuwahi kukanyaga Kigomeni. Mjukuu alipoanza kusimama dede, akatuma salamu kwamba yeye na mkewe watakuja kumwona, siku fulani ya bamvua.

Mize hakulala vizuri tangu salamu zile zilipofika. Alitaka jambo moja: wazazi wake wale pweza aliyetoka katika nyumba yake mwenyewe, ili baba yake ajue kwamba binti yake hakuolewa na umaskini. Alikuwa na mali, mali isiyopigwa jembe wala kunyeshewa, na mali hiyo siku moja ingekuwa ya Chumu. Alimwambia mkwewe hivyo. Bi Raya, ambaye wakati huo aliona kivuli na mwanga tu, alimwambia, "Wazee wako si wa kuwaogopa. Pweza akikosekana watakula kuku. Kuku naye si haramu."

Mize akaitikia, lakini moyo wake haukuitikia. Asubuhi ya siku ya wageni alichukua kijiti chake, na katika kutoka akauona mtaimbo wa Shaame umeegemezwa ukutani, ule aliokuwa akichimbia mawe ya msingi. Akauchukua. Wenzake njiani wakamuuliza kama anakwenda kuchimba kisima. Alisema ni wa kujishikizia, kwa sababu mwamba unateleza.

Bahari ilikuwa nzuri siku ile. Wenzake walitawanyika kila mmoja mtaani kwake, na muda si muda ukasikia huyu amepata, na yule amepata. Mize alizunguka jiwe lake. Milango midogo yote ilikuwa tupu. Mlango mkubwa, ule wa mashariki, ulikuwa umezibwa kwa mawe kwa ndani, yamepangwa vizuri kama mtu aliyefunga na komeo. Hapakuwa na maganda ya kaa nje. Aliondoa jiwe moja akachungulia, akaona jicho. Pweza alikuwa mkubwa, mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona.

Akatia kijiti. Pweza hakukikumbatia. Alikisukuma kwa mkono mmoja na kukaa kimya. Mize akangoja, akajaribu tena, na tena, na kila mara mkono ule mmoja ulikuja ukakisogeza kijiti pembeni, bila hasira yoyote. Mize alijua. Hakuna haja ya kumtetea, alijua kabisa. Lakini maji yalikuwa yameanza kurudi, yanamlamba vifundo vya miguu, na wenzake walikuwa wanapandisha ufukweni, na machoni mwake alimwona baba yake ameketi mkekani, anatafuna kuku wa kununua na kutikisa kichwa.

Akaushindilia mtaimbo katika ufa uliokuwa juu ya mlango. Mara ya kwanza zilitoka chembechembe tu. Alipouegemea kwa uzito wake wote, jiwe lilitoa mlio, na upande mzima wa mashariki ukafunguka ukaangukia majini. Samaki wadogo wa rangi walitoka kama makapi yaliyopeperushwa, wakazunguka pale pale hawajui pa kwenda. Pweza hakukimbia. Alibaki amejitandaza juu ya kipande cha dari kilichoanguka, na Mize alipomwinua aliona chini yake vishada vyeupe, vingi sana, kama punje za mchele zilizotungwa uzini. Alivitazama kidogo. Kisha akatia pweza pakachani na kupandisha, kwa sababu maji yalikuwa yamefika magotini.

Ile karamu ilisemwa kijijini kwa muda mrefu. Pweza alipondwa, akachemshwa, akaungwa kwa nazi nzito, na sinia lilipoletwa Mzee Hamadi aliacha mazungumzo. Alikula akarudia. Mwisho akanawa mikono akasema mbele ya wote, "Nilikosea kuhusu watu wa pwani. Binti yangu ana mali." Mize alikuwa amengoja maneno hayo tangu aolewe, na alipoyasikia hayakumfurahisha kama alivyotegemea. Bi Raya naye alikula, polepole, akauliza, "Alitoka mlango gani?"

"Wa mashariki, mama."

"Alisumbua?"

"Kidogo."

Bi Raya akaendelea kula.

Bamvua iliyofuata Mize alikuta jiwe tupu. Akajiambia mpangaji mpya amechelewa. Iliyofuata, vilevile. Kisha upepo wa kusi ukaingia na mawimbi yake, na jiwe ambalo zamani liliyapokea kwa mgongo mzima sasa lilikuwa na jeraha wazi. Mawimbi yaliingia mle, yakaviviringisha vile vipande vilivyovunjika huku na huku, navyo vikawa nyundo za kuvunjia vilivyobaki. Upande wa kaskazini ukaanguka. Kamba wakahama. Shaame, aliyekuwa akitega dema lake, mtego wa samaki, kwenye kina jirani na pale, akaanza kulitoa likiwa na majani matupu, akashangaa changu wamekwenda wapi. Hakujua kwamba changu wake walikuwa wapangaji wa mama yake. Mkewe alijua, na kila alipomwona anakung'uta dema alijishughulisha na moto.

Nyumbani alisema bahari imekuwa mbaya. Bi Raya aliketi barazani akiwasikiliza wanawake wanavyopita kutoka mwambani, sauti zao, vicheko vyao, na uzito wa mapakacha katika hatua zao. Mtu asiyeona husikia vingi. Siku moja ya bamvua alisimama akashika fimbo yake akasema, "Nipeleke nikaiamkie nyumba yangu."

Mize alijaribu yote. Alisema jua ni kali, mwamba una utelezi, miguu ya mama haina nguvu. Bi Raya alisema miguu ni yake. Wakashuka, mkaza mwana mbele na mkwe nyuma akimshika bega, na Mwanakombo aliyekuwa akichokoa karibu akainua kichwa kuwatazama.

Mwamba hai una sauti. Ukiinamisha sikio wakati maji yametoka husikia mchakariko, kama mafuta yanayokaanga kitu jiko la jirani. Ni vijidudu na kamba wadogo, kila mmoja na shughuli zake. Bi Raya alitembea ndani ya sauti ile aliyoizoea tangu utoto, mpaka wakafika mahali ikakatika.

"Mbona hapa kimya?" aliuliza.

Mize akasimama.

"Hapa ndipo?"

"Hapa ndipo, mama."

Bi Raya akapiga magoti majini. Alinyoosha mikono mbele, kwa kimo ambacho jiwe lilipaswa kuwa nacho, na mikono ikapita hewani. Akaishusha chini, na chini tena, mpaka ikagusa vifusi. Alivipapasa kimoja kimoja. Vilikuwa vikavu mkononi hata majini, bila ule utelezi wa uhai. Akapata kimoja chenye mfereji uliokwanguliwa na chuma, akapitisha kidole humo mara nyingi.

"Hili halikuvunjwa na wimbi," alisema.

"Hapana, mama."

"Mtaimbo?"

"Mtaimbo."

"Alikumbatia kijiti?"

Hapo Mize alikuwa analia, lakini alijibu. "Hakukikumbatia. Alikisukuma. Nikajua, na nikavunja."

Bi Raya aliligeuza lile jiwe mkononi. Maji yalikuwa yakipita kati ya magoti yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida, "Toka siku ile umekula hapa mara ngapi?"

"Mara moja, mama. Siku ile ile."

"Mara moja." Bi Raya aliliweka lile jiwe chini taratibu. "Bibi yangu alikula hapa mpaka meno yakamtoka. Mama yangu alikula. Mimi nimenyonyesha mtoto kwa mchuzi wa hapa, nimefiwa na mume nikakaa eda kwa riziki ya hapa. Na Chumu angekula. Mvunja nyumba ya pweza hula mara moja, mwanangu."

Mize alisema baadaye kwamba angependa kupigwa. Aliinama amwinue mkwewe, na Bi Raya, akiwa ameshika bega lake, akamuuliza, "Wazee wako siku ile walishiba?"

"Walishiba."

"Basi wameshiba," alisema Bi Raya. Wakarudi nyumbani, na tangu siku ile mpaka alipokufa hakulitaja tena jiwe lile, si kwa Mize wala kwa Shaame. Mize alingoja aambiwe arudi kwao Mlimani. Hakuambiwa. Alisema kimya kile kilimfundisha zaidi ya ulimi wote wa Bi Raya.

Lakini Mwanakombo alikuwa amesikia. Na alichokisikia Mwanakombo kisima kizima kilikisikia. Kesho yake wanawake waliokuwa wakiteka maji walikuwa na maneno mapya mdomoni, na Mize alipofika na ndoo yake yakasemwa kwa sauti ya juu, yakielekezwa kwa mtu mwingine, kama ijulikanavyo desturi yetu ya kumsema mtu akiwa amesimama hapo hapo. Watoto wakayadaka. Wakayafanya wimbo wa kurukia kamba. Fikirini mtu amekwenda dukani kununua chumvi, na watoto wanaruka kamba mbele yake, mvunja nyumba ya pweza, mvunja nyumba ya pweza, hula mara moja. Mtoto wake mwenyewe, Chumu, aliucheza wimbo huo kabla hajajua unamhusu nani. Alipojua, aliacha kuruka kamba.

Nisimfanye Mwanakombo kuwa shetani. Vifusi vya jiwe lile vilipoanza kuviringika mpaka mtaani kwake, akaona nyumba zake mbili zinafukiwa, kejeli zikamwisha na hofu ikaingia. Yeye ndiye aliyewakusanya wanawake wakakubaliana kwamba chuma kisishuke tena mwambani, na agano hilo Kigomeni bado lipo. Na mwaka ambao Shaame aliugua na nyumba ikawa ya muhogo mkavu, Mwanakombo alifika mlangoni bila kuketi, akasema, "Bamvua hii njoo uchokoe mlango wangu wa kusini. Uje na kijiti tu." Mize akaenda. Alimshukuru, na kumshukuru aliyekutangaza kisimani si kazi nyepesi.

Mize hakuacha kushuka pale palipokuwa na jiwe. Mwanzo alirundika mawe makavu, akatengeneza tundu zuri kwa macho. Pweza mmoja mdogo akaja, akakaa siku mbili tatu, wimbi likabomoa, akaondoka. Akarundika tena. Jiwe lililokufa halijishiki na mwenzake. Kisha, Chumu akiwa ameshaanza chuo cha Kurani, Mize aliona juu ya kifusi kimoja kikubwa kisichotikisika kitu kidogo cha rangi ya kahawia, si kikubwa kuliko kifungo cha shati. Akakigusa. Kilikuwa na utelezi. Tangu hapo kazi yake kila bamvua ilikuwa kuondoa vifusi vilegevu karibu na pale visije vikakiponda, na kuwaambia watoto wasikanyage. Watu walimwona wakadhani amechanganyikiwa kidogo.

Chumu akakua, akaposwa, harusi ikapangwa siku za bamvua kama kawaida. Siku ilipokaribia alianza kukosa raha. Alijua kinachofuata asubuhi ile. Wenzake wote walioolewa walishushwa mwambani na mama zao wakarudi wamejaa siri, na kina mama wengine walisimama ufukweni kuwasubiri. Yeye angeshushwa wapi? Alimwambia mama yake, kwa unyonge, kwamba kama ni desturi tu wanaweza kuiacha, hakuna atakayesema. Mize akamwambia watasema, tena watasema sana, na wao watashuka.

Wakashuka mbele ya macho ya watu wote. Mize alimshika mkono binti yake akapita nyumba za Mwanakombo, akapita za fulani na fulani, akafika penye vifusi, akasimama. Pale palikuwa na tumbawe hai la ukubwa wa kifuu cha nazi. Aliuchukua mkono wa Chumu akauweka juu yake, vile vile wake ulivyowekwa zamani.

"Hii ndiyo yako," alimwambia. "Haina mlango. Kwa umri wako na wa mwanao haitakuwa na mlango. Bibi yako alinipa mji mzima, na mimi nimekuletea hiki. Sina kingine mwambani, Chumu, ila maneno. Umeyasikia kwa watoto wenzako na yalikuchoma. Leo yasikie kwangu, kwa sababu ni ya mama yako, ni mimi niliyeyaleta duniani, na mtu asikutie haya kwayo tena." Akamwambia, neno kwa neno, kama alivyoambiwa yeye akiwa amesimama majini.

Chumu alilia, na alivyosimulia mwenyewe hakulia kwa kukosa nyumba. Alilia kwa kuwa siku zote aliyaona maneno yale kama jiwe analorushiwa mama yake, na hakujua kama mama aliweza kuliokota. Walipopandisha ufukweni, mama mmoja akauliza kwa kejeli bibi harusi ameonyeshwa nyumba ngapi. Chumu akamjibu kwa sauti iliyowafikia wote, bila kutazama chini, "Mvunja nyumba ya pweza hula mara moja. Hicho ndicho nilichopewa, na nitampa binti yangu." Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile maneno yakaacha kuwa wimbo wa kamba, yakawa methali, na watu wazima wakaanza kuyatumia kwa mambo yao mengine: kwa anayeuza shamba la watoto ili afanye karamu, kwa anayemgombeza mke mwema mpaka akaondoka, kwa anayevunja tawi kwa sababu amechoka kupanda mti.

Chumu ndiye aliyemzaa mama yangu, na asubuhi ya harusi yangu mama hakunionyesha nyumba hata moja. Alinishika mkono akanigusisha lile tumbawe, ambalo wakati huo lilikuwa limetimia ukubwa wa chungu, likiwa na samaki wawili wa rangi wanaolizunguka, akaniambia alichoambiwa. Wengine kule Kigomeni wamerithi milango ya pweza. Sisi tumerithi maneno hayo, Faki, na mwenye shamba alipokukemea alikuwa anakurudishia urithi wako bila kujua. Mvunja nyumba ya pweza hula mara moja.